Lango la Makufuli Matatu

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Naomba radhi kwa ukimya wangu mrefu. Barua zako zote zimenifika, na zote nilizisoma. Sikuzijibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika nilikuona tena siku ile ya makabidhiano, umesimama nyuma ya Mhandisi Mkuu na faili lake kifuani, naye anayacheka makufuli yetu. Wewe hukucheka, hilo niliona. Lakini hukusema neno. Sasa hasira imepoa, au nimezeeka; tuseme yote mawili.

Unaniomba historia fupi ya halmashauri ya mji wetu, jiji lililotumeza lipate kuichonga kwenye bamba la ukumbi. Ukumbi wenyewe siku hizi ni stoo ya mapipa ya taka, na juu ya meza ya mwenyekiti wameweka pampu mbovu. Hata hivyo umeomba kwa adabu, nami nilikuwa katibu wa halmashauri hiyo mpaka dakika ilipovunjwa. Nitaandika.

Mji huu ulianza na ugomvi. Bwawa liko juu yetu sote, limezuiwa kwa tuta la udongo. Maji yakizidi, tuta likikatika, Mtaa wa Chini unakwenda wote. Lango likifunguliwa, maji hupitia bondeni, upande wa pili, na zamani Mtaa wa Soko walilima huko. Basi Soko hawakutaka lango lifunguliwe, na Chini hawakutaka lifungwe. Mwaka mmoja vijana wa Chini walipanda wenyewe wakalifungua lote kwa mkupuo, watu wa Soko wakiwa mashambani. Baada ya mazishi, wazee wa mitaa mitatu waliufunga mnyororo kwenye gurudumu la lango na kuutia makufuli matatu, kila mtaa ufunguo wake: Juu, Soko na Chini. Kabla ya mvua za kila mwaka wenye funguo walikutana pale langoni, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani mpaka wote watatu wakubaliane. Hiyo ndiyo halmashauri. Ushuru wa soko, taa za barabarani, mihuri na mimi mwenyewe tulikuja baadaye.

Kanuni ya pili ilikuwa fupi: hakuna kujenga bondeni. Aliyejenga, halmashauri ilimwendea na ngazi, ikateremsha paa lake bati kwa bati, ikamjengea mahali pengine kwa nguvu za mji mzima. Mama yako anaijua kanuni hiyo, sina haja ya kuieleza.

Sasa jambo ninalolitaka mimi. Kila mwaka, kabla ya mvua, tulifungua upana wa kiganja, maji yakatoka polepole, bonde likalowa tu. Jiji limetoa makufuli yetu, likaweka moja lake, na ufunguo uko ofisini kwenu. Waambie waje mapema. Upana wa kiganja haumdhuru mtu.

Barua hii naituma kwa dereva wa gari la taka, kitu pekee cha jiji kinachotufikia kwa wakati. Msalimie mama yako, kama bado anapokea salamu zangu.

Mjomba wako


Tarehe 22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nilipoona mwandiko wako nilifunga mlango wa ofisi, nikasoma nimesimama.

Historia yako nimeipeleka kama ilivyo. Wamenirudishia. Wanataka mistari miwili, tena isitaje ugomvi wala mazishi. Nitakupigania ipatikane mitatu.

Kuhusu lango, nimeandika ombi siku ile ile. Limepita kwa msaidizi, likarudi kwa sababu halikuwa na namba ya mradi, likaenda tena, sasa liko mezani kwa Mhandisi Mkuu. Nikimuuliza anasema, “Bibie, bwawa halijaanza kukaa pale leo.” Naendelea kumuuliza.

Mama hajambo. Tumehamia nyumba kubwa kidogo, mojawapo ya zile za watumishi wa jiji. Ana kibustani mbele ya mlango, na kila asubuhi namkuta ameinama huko. Anasema udongo ni laini, kila anachochomeka kinashika. Salamu zako nilimpa. Akaniuliza kama goti lako bado linakusumbua. Mimi nachukua hiyo kuwa jibu.

Nina swali dogo, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu. Mlipokuwa mkifungua lango, maji yalisambaa mpaka wapi kule bondeni? Yaliwahi kufika ile nyumba isiyo na paa?

Mpwa wako


Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu,

Nimefurahi kwamba mama yako amepata udongo wa kuchezea. Alikuwa na mkono wa mimea tangu utotoni; hata fimbo ya kuchungia mbuzi akiichomeka ilitoa majani.

Hapa mambo si mazuri. Mvua zimeanza milimani kabla ya wakati wake. Huku kwetu ni wingu tu, lakini bwawa linapanda bila sisi kulowa, na limeshafika mstari mwekundu aliouchora babu yako kwenye ukuta wa lango. Upande wa nje wa tuta kuna doa la unyevu, ukubwa wa sinia. Asubuhi nililizungushia chaki. Jioni lilikuwa limeivuka chaki yangu.

Jana tulikutana langoni, wenye funguo watatu wasio na funguo: Kinyozi wa Mtaa wa Soko, Mkunga wa Mtaa wa Chini, na mimi wa Mtaa wa Juu. Hakuna aliyetuita. Tumezoea tu. Kinyozi alikuja na nyundo imefichwa kwenye koti.

“Katibu, kufuli la jiji ni la kuchezea watoto,” akasema. “Pigo moja tu.”

Nikamwambia kufuli hilo ni mali ya serikali, na ombi limeshapelekwa kwa njia inayostahili.

“Na maji je, nayo yatasubiri mhuri kabla ya kuingia kwa watu?”

“Tukivunja leo, kesho kila mwenye nyundo atajiona halmashauri,” nikasema. “Tuliwekewa makufuli kwa sababu ya watu kama wewe.”

Mkunga alikuwa amekaa juu ya jiwe, kanga begani, anatutazama. “Mnagombana vizuri kweli nyie wawili,” akasema. “Endeleeni. Maji yanawasikiliza.”

Kinyozi alirudisha nyundo kwenye koti. Nilishinda, kama nilivyozoea kushinda naye, na tukateremka kila mtu kwa njia yake.

Kuhusu swali lako: likifunguliwa kiganja, maji hayafiki hata kizingiti cha nyumba ile. Likifunguliwa nusu, yanafika madirishani. Likifunguliwa lote hatujui, kwa sababu lilifunguliwa lote mara moja tu, na walioyaona yale maji hawakurudi kusimulia. Huko sasa jiji limejenga nyumba nyingi, kutoka langoni naona mabati tu. Goti haliniruhusu kushuka kujua ni za nani. Wenye nyumba hizo waambiwe kwamba kiganja hakitawafikia, ila kifunguliwe wiki hii. Kila siku inayopita, kiganja kinakuwa kidogo na bwawa linakuwa kubwa.

Kwa nini unauliza habari za nyumba isiyo na paa?

Mjomba wako


Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Nilikuuliza kwa sababu naishi hatua chache kutoka nyumba hiyo. Mama pia. Nyumba za watumishi zimejengwa bondeni, na jiji limezipa jina la Makazi Mapya. Tulipopewa orodha ya viwanja, mimi nilitaka cha mjini kati. Mama aliinyosha ramani mezani, akaweka kidole pale pale, akasema, “Hapa. Jiji linanirudishia nilichonyang'anywa na kaka yangu.” Sikuwahi kumwona akiwa na furaha namna ile. Nilijiambia wakati ule lango lilikuwa la kufunguliwa kiganja tu, na kiganja hakifiki kizingitini. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema nini.

Jibu la Mhandisi Mkuu limetoka. Amekataa. Nilimpelekea hesabu zangu za tuta, nikamwambia unyevu ule uliouona si umande. Akasoma mpaka mwisho, hiyo namsifu, kisha akafunga mlango. “Ukifungua lango maji yakaingia kwenye nyumba za watu, utakuwa umetangaza kwamba jiji limegawa viwanja kwenye njia ya maji,” akasema. “Na ukiandika neno bonde kwenye ripoti tena, tafuta kazi nyingine. Pale panaitwa Makazi Mapya.”

Mjomba, nimepiga hesabu upya, na najua nawe umeshazipiga kwa macho. Kiganja hakitoshi tena. Sasa ni lote au hakuna. Lango likibaki limefungwa, tuta halitamaliza mvua hizi, na Mtaa wa Chini utaondoka. Likifunguliwa, maji yatapita juu ya paa letu.

Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani wahame. Mama amekataa. Nimesema yote ninayoyajua. Hasikii la mwanawe mhandisi. Labda atasikia la kaka yake.

Mpwa wako


Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Mwanao ameniambia mnapoishi. Lawama tuziache kwa sasa, wakati hautoshi.

Fungasha leo. Ondoka kesho asubuhi pamoja na majirani, uje Mtaa wa Juu, chumba cha nyuma kiko wazi na kimefagiliwa. Tuta linavuja. Maji yaliyokuwa yakitoka doani yalikuwa safi. Tangu jana yanatoka na tope, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani. Kanuni ya bonde haikutungwa ili kukuonea wewe. Ilitungwa kwa sababu ya siku kama hizi, na niliitekeleza kwako kama ambavyo ningeitekeleza kwa mtu mwingine yeyote.

Nakuagiza kama kaka yako mkubwa. Usinijibu. Njoo.

Kaka yako


Tarehe 18 Machi

Kaka,

Shikamoo. Umeniandikia kwa amri, nami nakujibu kwa salamu, ili ionekane ni nani kati yetu aliyesikiliza malezi ya mama.

Umesema ulinitekelezea kama mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo penye shida yangu na wewe, na miaka yote hii hujapaona. Ulikuja na ngazi, na Kinyozi, na Mkunga, na umati nyuma yenu. Ukasimama mlangoni pangu ukanisomea kanuni kana kwamba hatukulala kitanda kimoja utotoni. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Ulisoma mpaka mwisho, hukuruka hata mkato. Bati la mwisho lilipoteremshwa, ukaniambia, “Asante kwa ushirikiano.” Ushirikiano, kaka! Mimi nilikuwa nalia.

Nyumba mliyonijengea kule juu ilikuwa nzuri kuliko ile, sikatai. Lakini hukuwahi kuingia ndani yake ukanywa hata maji.

Huku najua maji yanasemwa. Nimeyasikia tangu niko mtoto, na kila mwaka yalifika chini ya kizingiti yakaishia hapo. Mwanangu ana hesabu zake, wewe una chaki yako. Mimi nina bustani, imeanza kutoa.

Majirani wananiuliza, “Mama Mhandisi, unahama?” Nawaambia mimi nimeshahamishwa mara moja, inatosha. Basi wengi waliokuwa wamefungasha wamefungua mizigo yao tena. Wanasema kama kungekuwa na hatari, mama wa mhandisi angekuwa wa kwanza kuondoka.

Ukitaka nitoke, usiniletee karatasi. Njoo wewe, na goti lako.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Naandika upesi, kwenye karatasi waliyonipa niandikie maelezo.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo. Nimeutoa kwenye kabati la Mhandisi Mkuu. Wamegundua haupo, wamenikataza kutoka nje ya jengo hili la makao makuu mpaka uonekane, na kuna askari kwenye ngazi. Nashitakiwa pia kwamba nimewatia watu hofu Makazi Mapya. Dereva wa gari la taka huingia kwa mlango wa nyuma kuchukua mapipa, naye ni mtu wa Mtaa wa Chini kwa mama yake. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote.

Nilidhani ningeuchukua ufunguo, nipitie nyumbani nimbebe mama hata kwa nguvu, ndipo nije kwako. Sikufika hata getini. Mama yuko peke yake, na majirani wanamtazama yeye ndipo waamue kukaa au kuondoka.

Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha milimani, nimeona vipimo. Sina haja ya kukueleza maana yake.

Nilikuwepo walipotoa makufuli yenu matatu, na ni mimi niliyeandika kwenye ripoti kwamba kufuli moja lingerahisisha kazi. Sasa kazi imekuwa rahisi mno. Mtu mmoja anaweza kuifanya peke yake, na nimekutupia wewe.

Sikuambii ufanye nini. Hilo siwezi kuliandika.

Mpwa wako


Tarehe 21 Machi

Mpwa wangu,

Ufunguo umefika salama. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, wa kawaida, kama wa sanduku la nguo.

Nilipanda nao langoni asubuhi hii. Kinyozi na Mkunga walikuwa wameshafika. Doa la tutani sasa si doa, ni mdomo. Maji ya tope yanatoka mfululizo na yamechimba kijito mpaka karibu na jiwe analokalia Mkunga. Kule Mtaa wa Chini wanahamisha watu kuja shuleni kwetu, lakini Mkunga ana wanawake wazazi kwenye vyumba vyake, waliojifungua na wanaongoja, na mmoja uchungu umemshika tangu alfajiri. Huyo hawezi kubebwa kwenye toroli.

Niliwaonyesha ufunguo, nikawaeleza na habari za bondeni zote, bila kuficha kwamba mama yako yuko huko. Kisha nikasema kikao kimefunguliwa.

Kinyozi hakucheka. “Ufunguo ni mmoja na uko mkononi mwako, Katibu,” akasema. “Kikao cha nini?”

“Cha watu watatu, kama siku zote.”

“Basi mimi nasema tufungue. Mungu anisamehe, nasema tufungue. Nilikuambia siku ile, pigo moja, na kiganja kingetosha.”

Alikuwa na haki ya kusema zaidi ya hapo, na hakusema.

Nikamgeukia Mkunga. Mtaa wake ndio unaokwenda na maji, kwa hiyo nilijua jibu lake kabla ya kumuuliza. Mpwa wangu, nilikosea. Alitazama bondeni. Kutoka pale langoni mabati ya Makazi Mapya yanaonekana, na moshi wa majiko.

“Mtoto wa dada yako nilimpokea mimi mwenyewe mle ndani, kabla hatujapandisha ngazi,” akasema. “Siku ile nilishika bati moja kwa mikono hii. Usiniombe leo niseme kabla dada yako hajatoka.”

“Na wale wanawake walioko vyumbani mwako?”

“Usiniulize hivyo, Katibu. Nimekuomba.”

Basi hatujakubaliana, na kanuni inasema hakuna anayekwenda nyumbani. Tangu makufuli yale yawekwe, hakuna mwenye ufunguo aliyewahi kuondoka langoni kabla ya uamuzi. Leo nimeomba ruhusa ya kuondoka. Kinyozi akasema, “Nenda, Katibu. Huku hatuna mhuri wa kukuzuia.” Lakini alinishika mkono kunivusha juu ya mawe, jambo ambalo hajalifanya maishani mwake.

Ufunguo nimemwachia Mkunga. Nilimwambia asinisubiri, tuta likianza kwenda. Alinionyesha jiwe moja jeupe pembeni ya kijito, akasema, “Tope likifika pale, nitakuwa sina la kuchagua.” Nililitazama jiwe. Halikuwa mbali. Kinyozi atapiga ile reli ya zamani iliyotundikwa langoni, ya kuitia mikutano, wakishika gurudumu. Bondeni inasikika, ila sijui kama goti langu litaelewa ina maana gani.

Nakuandikia haya nikiwa barazani kwa fundi viatu, njia panda ya kushuka. Dereva anasubiri nimalize, gari linanguruma. Amenipa lifti nikakataa, kwa sababu barabara ya gari inazunguka mbali na njia ya miguu inakata moja kwa moja. Nikamwomba badala yake akuletee hii haraka.

Mkononi sina karatasi yoyote, zaidi ya hii unayoisoma. Nimeazima ngazi ya fundi. Mama yako akikataa kutoka, nitaipandisha mwenyewe nianze na bati la juu ya kitanda chake, na majirani waone ni nani anayelishusha. Akikubali, nitamwomba kwanza maji ya kunywa, nikae ndani nimalize glasi. Hilo nalo nadaiwa.

Hapa nilipo nasikia maji, na lango bado limefungwa.

Kuhusu uamuzi, hatujautoa. Tukishautoa, yeyote kati yetu atakayekuwa bado ameshika kalamu atakuandikia.

Mjomba wako